Chai ya Kukaanga, Maziwa ya Korosho: Historia ya Kikombe Kimoja cha Kusini

Kwa miaka mingi, mgeni aliyekaribishwa chai Nachingwea au Ruangwa, kusini mwa Tanzania, aliletewa chai ya rangi. Ilikuja ya moto, sukari imekolea, pengine ina mchaichai au tangawizi, na pembeni sahani ya ming'oko (viazi pori vya huku) ya kuchemsha au muhogo. Maziwa hayakuwemo, na wenyeji hawakuyatazamia. Walimu na mabwana shamba waliohamishiwa huku kikazi kutoka Kilimanjaro, Mara au Kagera walichelewa kuelewa kwamba upungufu ule ulikuwa na sababu za zaidi ya miaka mia moja.

Nazieleza sababu hizo kwa ajili ya kinywaji kimoja cha Kijapani: hojicha ya maziwa na barafu. Mtu wa Nachingwea anaweza kukitengeneza leo jikoni kwake bila kuagiza chochote kutoka Japani. Babu yake asingeweza, hata kama angepewa majani ya chai bure.

Hojicha ni chai ya kijani iliyokaangwa. Chai ilifika Japani zamani sana, lakini kilimo chake kilipata nguvu baada ya mtawa Eisai kurudi kutoka China mwaka 1191 akiwa na mbegu, na eneo la Uji karibu na Kyoto likaja kuwa makao ya chai bora. Mwaka 1738 mkulima wa Uji, Nagatani Soen, aliboresha namna ya kuyapika majani kwa mvuke, kuyasokota na kuyakausha ili yabaki kijani. Hojicha yenyewe ni ya juzi tu. Katika miaka ya 1920 wafanyabiashara wa Kyoto walichukua majani makubwa ya mwisho wa msimu na vijiti vyake, vitu visivyopata bei nzuri sokoni, wakavikaanga juu ya moto wa mkaa. Rangi ikawa kahawia, ukali ukapungua, harufu ikabadilika kabisa. Kwa kuwa majani yaliyokomaa na vijiti vina kafeini kidogo, chai hiyo ikawa ya jioni, ya wazee na ya watoto. Harufu yake hutokana na kemikali za jamii moja na zile zinazonukia karanga, korosho au kahawa inapokaangwa. Hapo ndipo Kusini inapoingia katika habari hii, kwa sababu mtu wa Ruangwa anaijua harufu hiyo tangu utotoni.

Maziwa ndiyo yenye historia ndefu. Mwezi Agosti 1905 vita vya Maji Maji dhidi ya utawala wa Wajerumani, vilivyoanzia milima ya Matumbi, viliwafikia Wamwera, wenyeji wa huku. Misheni za Wabenediktini za Nyangao na Lukuledi zilishambuliwa na kuchomwa. Wajerumani walijibu kwa kuchoma vijiji, maghala na mazao shambani, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Makadirio ya vifo kwa eneo lote la vita huanzia 75,000 ya Wajerumani wenyewe na kufika 250,000 au zaidi kwa wanahistoria waliokuja baadaye. Mashamba yaliyoachwa yalirudi kuwa pori. Pori lilileta wanyama, na wanyama wakaja na mbung'o. Mwanahistoria Helge Kjekshus, katika kitabu alichokitoa mwaka 1977, alishikilia kwamba kuenea kwa mbung'o Tanganyika kulitokana na kuvunjika kwa maisha ya watu katika miaka hiyo, kwani watu wengi wanaolima na kufyeka ndio waliokuwa wakimzuia mdudu huyo. Nakubaliana naye. Mbung'o anapotawala, ng'ombe hafugiki. Kuku, mbuzi wachache, basi. Kikombe cha chai ya rangi cha Nachingwea kina makovu ya 1905 ndani yake.

Wakati huohuo jani lenyewe lilikuwa linaingia nchini kupitia kaskazini na nyanda za juu. Wajerumani walilijaribu katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, kilichoanzishwa mwaka 1902, na miaka miwili baadaye Kyimbila huko Rungwe. Kilimo cha biashara kilianza mwaka 1926, chini ya Waingereza. Chai hutaka mwinuko, baridi kiasi na mvua nyingi, kwa hiyo ilishika Lushoto, Muheza, Mufindi, Njombe na Rungwe. Nachingwea iko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari na kiangazi chake ni kirefu. Hapa chai ilikuja ikiwa tayari ndani ya pakiti, ikauzwa madukani pamoja na chumvi, vitambaa na mafuta ya taa.

Kisha ikaja karanga. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, na siagi ya mimea iligawiwa kwa vipimo. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa Company, aliipelekea serikali yake wazo la kulima karanga Tanganyika kwa mashine. John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, aliongoza ujumbe uliozunguka nchi, kwa sehemu kubwa kwa ndege, akarudi na mpango wa kusafisha zaidi ya ekari milioni tatu kwa miaka sita kwa gharama ya takriban pauni milioni 25. Mashamba yangekuwa 107, mengi yao Tanganyika, kila moja ekari 30,000, na sehemu kubwa kuliko zote ingekuwa Jimbo la Kusini. Sababu mojawapo ya kulichagua Jimbo la Kusini ni kwamba lilionekana tupu. Waliolitazama kutoka angani hawakuona kwamba utupu ule ulikuwa na historia, na kwamba chini ya miti ile palikuwa na mahame. Wenyeji waliobaki walikuwa wakilima karanga kwa jembe la mkono, wakizichanganya na mtama na mahindi.

Kazi ilianza Kongwa, katikati ya nchi, mwaka 1947, ikahamia Kusini kwa nguvu miaka iliyofuata chini ya shirika la serikali ya Uingereza la Overseas Food Corporation. Nachingwea ikawa mji. Palikuwa na matrekta yaliyonunuliwa kutoka mabaki ya vita, vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa mashine za kung'olea visiki, karakana, hospitali na uwanja wa ndege. Reli ilijengwa kutoka Mkwaya, kwenye hori la Lindi, na treni zikafika Nachingwea mwaka 1949. Mtwara ilichimbiwa bandari ya kina kirefu, iliyofunguliwa mwaka 1954 na kuunganishwa na reli hiyo, ingawa kufikia hapo karanga zilizokuwa zipakiwe zilikuwa zimekwisha kufutwa.

Mradi ulifutwa Januari 1951, na pauni zipatazo milioni 36 zikaandikwa kuwa hasara. Kongwa ilikaushwa na jua. Nachingwea ilipata mvua nyingi kuliko Kongwa, lakini misitu yake ilikuwa mizito, njia ya kupitishia vifaa haikuwa tayari, na kila ekari iliyosafishwa iligharimu mara nyingi ya ilivyopangwa. Kongwa ikageuzwa ranchi ya ng'ombe inayojulikana mpaka sasa. Nachingwea ilibaki na mashamba machache yaliyokabidhiwa shirika la Tanganyika Agricultural Corporation mwaka 1955. Reli ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, mataruma na vyuma vikang'olewa. Nimekuwa nikisoma maandishi ya Waingereza juu ya mradi huu, na karibu yote yanahesabu pauni. Machache sana yanauliza mji uliozaliwa na mradi uliishije baada ya wenye mradi kuondoka.

Barafu ilionekana Nachingwea katika miaka hiyo ya karanga. Majokofu ya mafuta ya taa yalikuwa vitu vya kawaida katika nyumba za Wazungu wa Tanganyika wakati huo, na wapishi wa Kiafrika ndio waliojaza mafuta, wakasafisha tambi na kugonga mabonge ya barafu kwa ajili ya glasi za wengine. Maziwa nayo yalikuja kwenye makopo, kwa meli. Kwa hiyo chai ya maziwa na kinywaji baridi vilikuwepo Nachingwea tangu mwishoni mwa miaka ya 1940, ndani ya nyumba ambazo mwenyeji aliingia kwa mlango wa jikoni. Wenye nyumba walipoondoka, majokofu yakaondoka nao au yakafa kwa kukosa mafuta na vipuri. Mji ukarudi kwenye chai ya rangi.

Moja ya mashamba yale ya karanga, Farm 17, lilipata kazi nyingine ambayo hakuna aliyeipanga London. FRELIMO, chama cha kupigania uhuru wa Msumbiji, kiliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962, na mwaka 1965 serikali ya Mwalimu Nyerere ilikipa chama hicho sehemu ya ardhi ya mradi wa karanga kuwa kambi yake kuu ya mafunzo. Samora Machel aliiongoza. Wakufunzi wa Kichina walifika, watu kutoka nchi ambako jani la kijani hunywewa bila maziwa wala sukari. Wapiganaji walilima chakula chao wenyewe, kwa kuwa Machel alishikilia kwamba jeshi lisilozalisha litawanyonya wananchi. Mwezi Mei 1975 aliondoka Tanzania kwa safari yake maarufu kutoka Rovuma hadi Maputo, na Msumbiji ikawa huru tarehe 25 Juni mwaka huo. Ukurasa huo una giza lake pia: muda mfupi kabla ya uhuru, wapinzani wa chama, akiwemo Uria Simango, walisimamishwa hadharani Nachingwea na kulazimishwa kukiri makosa, na baadaye waliuawa. Mwandishi wa historia ya mji huu akiukwepa ukweli huo hatakuwa amewatendea haki waliokufa.

Ardhi ileile iliyoshindwa karanga za mashine ilikubali mkorosho. Mti huu uliletwa Afrika Mashariki na Wareno kutoka Brazili, ukapenda mchanga wa Kusini, na wakulima wadogo waliueneza wenyewe bila trekta hata moja. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000. Serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ikajenga viwanda vya kubangua korosho katika miji ya mikoa hii, Nachingwea ikiwemo, kwa mitambo ya teknolojia ya Italia na ya Japani. Lakini viwanda vilipokuwa vinakamilika, zao lenyewe lilikuwa linaanguka. Operesheni Vijiji ilikuwa imewahamisha watu mbali na mikorosho yao, bei ilikuwa duni, na ugonjwa wa ubwiri unga ukaenea. Msimu wa 1986/87 mavuno yalifika kama tani 16,500. Mitambo ikapata kutu, majengo yakawa maghala. Baadaye watafiti wa Naliendele, Mtwara, walisaidia kueneza matumizi ya salfa na miche bora, na msimu wa 2017/18 nchi ikavuna zaidi ya tani 300,000, nyingi zikisafirishwa ghafi kwenda kubanguliwa India na Vietnam.

Wanawake hawakusubiri viwanda. Katika vijiji vya Ruangwa na Nachingwea korosho imekaangwa uani miaka yote: bati lililotobolewa, moto mkali, korosho zikitoa mafuta na kuwaka zenyewe, mpishi akizigeuza kwa mti mrefu huku uso ameugeuzia pembeni kwa ajili ya moshi. Kisha hufukiwa mchangani zipoe, zikabanguliwa moja moja. Kazi hii huunguza ngozi, kwa kuwa mafuta ya ganda ni makali. Wanaoifanya wamebeba mikononi maarifa ambayo kiwanda cha Kyoto kingeyatambua mara moja: kujua kwa pua, kabla ya macho, dakika ambayo kitu kimekaangika na hakijaungua.

Wanawake haohao ndio walioamua swali la maziwa zamani, ila jibu lao liliishia kwenye sufuria ya mboga. Kisamvu cha Kusini huungwa kwa karanga zilizotwangwa au kwa tui la korosho. Pale ambapo ng'ombe hakufugika, mafuta na utamu vilitoka kwenye mbegu. Tui hilo halikuingia kwenye chai kwa sababu chai ya moto hulikatalia: korosho ina wanga, na ukiichemsha inakuwa nzito kama uji. Kinywaji baridi hakina shida hiyo.

Ng'ombe nao wamefika. Mwaka 2006 na 2007 serikali iliwaondoa wafugaji katika bonde la Usangu na Ihefu, mkoani Mbeya, na wengi wakaelekezwa mkoa wa Lindi. Safari ile iliua mifugo mingi njiani, na huku ilizusha ugomvi na wakulima ambao haujaisha. Lakini ilileta pia maziwa freshi katika wilaya ambazo hazikuwa na desturi nayo. Miaka hiyohiyo gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982 na kukaa chini ya ardhi kwa zaidi ya miaka ishirini, ilianza kuzalisha umeme Mtwara kwa ajili ya mikoa ya Mtwara na Lindi, na Wakala wa Nishati Vijijini ukaanza kusogeza nyaya. Ruangwa, iliyokuwa imepata wilaya yake mwaka 1995, ikaanza kuona friza madukani. Watoto wakauza barafu za ubuyu na ukwaju kutoka kwenye madeli. Kitu kilichokaa nyuma ya mlango wa Mzungu mwaka 1949 kikawa cha kununuliwa kwa sarafu.

Basi vitu vyote vimekutana, na kinywaji kinaweza kutengenezwa.

Tafuta chai ya kijani ya majani, pakiti ya kawaida. Ya Kenya hupatikana kwenye maduka makubwa, na iliyokaa kabatini muda mrefu ikapoteza harufu inafaa kabisa, maana moto utaifufua. Usitumie chai nyeusi: hiyo imekwisha kuachwa igeuke hewani kiwandani, na ikikaangwa inatoa ladha ya kuungua tu. Weka chungu kikavu au kikaango kizito juu ya mkaa uliotulia. Wajapani wenyewe hukaangia kwenye kikaango cha udongo, na chungu cha mfinyanzi wa Kusini kinafanya kazi hiyo vizuri kwa kuwa hupasha joto taratibu. Mimina majani vijiko vinne vya chakula, uyatikise bila kuacha. Mwanzoni yatanukia kama nyasi zilizokatwa. Baada ya dakika chache yatageuka rangi ya udongo, moshi mwembamba utainuka na harufu itahama kwenda upande wa korosho. Hapo epua na uyamwage kwenye ungo, kwa sababu chungu kitaendelea kukaanga hata nje ya moto.

Maziwa ya korosho yanataka gramu 100 za korosho zilizokwisha banguliwa, ziwe nyeupe au zimekaangwa kidogo bila chumvi. Zile zenye maganda usizithubutu kuzikaanga ndani ya nyumba, kwa kuwa moshi wake unadhuru. Loweka kwa saa tatu au nne, mwaga maji yale, kisha saga kwenye blenda na maji safi nusu lita mpaka pasiwe na chembe. Asiye na blenda atumie kinu, aongeze maji kidogo kidogo, jasho litamlipa. Chuja kwa kitambaa safi cha pamba. Punje chache za chumvi huyafanya yawe matamu zaidi. Mwenye maziwa ya ng'ombe ayachemshe, ayapoze, ayatumie. Mimi nayapendelea ya korosho, kwa ladha na kwa haki ya mahali.

Chemsha maji, yaache yatulie kidogo, mimina robo lita juu ya majani uliyoyakaanga yote. Funika dakika tatu. Chai iwe kali kuliko ya kunywa kawaida, maana barafu itaipunguza. Chuja kwa chujio, na ingali moto tia sukari au asali ya misitu ya miombo, ambayo uchungu wake mdogo unaelewana na majani ya kukaanga. Ukingoja ipoe, sukari itakaa chini. Iache ipoe kabisa, kisha jaza glasi mbili barafu, mimina chai nusu, na maziwa juu yake. Yatashuka polepole yakichora mistari. Koroga kabla ya kunywa.

Majani yaliyokwisha tumika hutoa maji ya pili, mepesi, yanayofaa kunywewa ya moto baada ya chakula cha usiku. Makapi ya korosho yaliyobaki kwenye kitambaa yasitupwe: yaingie kwenye kisamvu jioni hiyohiyo, dakika kumi kabla ya kuepua.